Taa za Barabarani: Saa za Kuzizima na Mahali Zisipozimwa



Wakazi wa Bukoba na Muleba hawahitaji mtaalamu wa kuwaeleza nguvu ya taa. Mvua za vuli zikishakolea, mwezi Novemba, senene hushuka kwa makundi usiku na kuufuata mwanga popote ulipo: kituo cha mafuta, ua wa hospitali, nguzo ya barabarani. Watoto huwakimbilia wakiwa na chupa na ndoo, nao wafanyabiashara hutega mabati na mapipa chini ya balbu kali. Wazee wanakumbuka enzi ambayo akina mama walitoka alfajiri, umande ukingali majanini, wakaokota senene kwa mkono; na mume aliyeletewa kitoweo hicho alipaswa kumvisha mkewe nguo mpya. Siku hizi taa ndiyo inayookota, na bei hupangwa sokoni.

Ziwani hali ni hiyo hiyo. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi za nguvu ya jua, na mbalamwezi inapotawala wengi wao hupumzika kwa kuwa mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi. Kwa hiyo jamii hii imekwisha kujua kwamba mwanga una mahali pake, na giza nalo lina kazi yake. Swali la taa za barabarani ni mwendelezo wa maarifa hayo.

Mwaka 2024 wanasayansi, miongoni mwao wa chuo cha Imperial College London, walichapisha maelezo ya kwa nini wadudu huizunguka taa. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa sababu tangu kale upande huo ulikuwa mbinguni. Akikutana na balbu, hupinduka na kuzunguka asiweze kutoka. Kinachoonekana kama mapenzi ya taa ni kupotea njia. Taa iwakayo usiku kucha mahali pasipopita mtu hutega nondo na senene bila mtegaji, na asubuhi huwa wamekufa chini ya nguzo bila kumfaa yeyote.

Gharama nayo ni ya kuhesabika. Taa moja ya wati 100 hula uniti moja kwa saa kumi. Taa mia moja za namna hiyo zikizimwa kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri huokoa uniti 50 kila usiku, yaani uniti 18,250 kwa mwaka. Ankara hulipwa kwa fedha za umma, zile zile zinazosubiriwa na zahanati na madawati. Aidha, umeme wa Kagera haukupatikana kwa urahisi: kwa miaka mingi mkoa umetegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuletwa kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, na mtambo wa Rusumo wilayani Ngara, wenye megawati 80, unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Lipo jambo dogo linalosahaulika na wanaofunga saa za kuwashia taa. Bukoba iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa kiasi ambacho jua huchelewa huku kwa takriban nusu saa, ingawa saa ya ukutani ni moja. Taa iliyopangwa kwa majira ya Dar es Salaam huwaka Kamachumu jua likiwa bado linaonekana, kisha huzimika asubuhi wakati giza halijaondoka na wanafunzi wako njiani. Kurekebisha saa hiyo hakugharimu chochote isipokuwa mtu wa kukumbuka. Afadhali zaidi ni taa yenye kijicho cha kuhisi giza, mradi vumbi lifutwe.

Hata hivyo, kuzima taa si jambo la kushangilia bila kufikiri. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu halmashauri 62 za Uingereza na Wales haukuona ushahidi kwamba kuzima au kupunguza taa usiku kuliongeza uhalifu au ajali. Matokeo hayo yanatia moyo, ila Uingereza si Muleba. Huku barabara nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Bodaboda hupita na taa moja iliyofifia, au bila taa kabisa. Mbuzi hukatiza wanapotaka. Muuguzi hutoka zamu usiku, mama lishe hufunga banda saa nne akiwa na mauzo ya siku kibindoni, na msichana atumwaye dukani hupita kwenye kona ambayo kila mtu anaijua. Mwanamume anayesema giza halina neno aulizwe ni lini mara ya mwisho alipita kona hiyo peke yake. Akina mama ndio wanaozijua kona hizo, na kwa hiyo sauti yao itangulie katika orodha ya taa zisizozimwa.

Ndani ya orodha hiyo haina budi kuwamo milango ya hospitali na vituo vya afya, vivuko vya barabara kuu, na stendi, ambako abiria wa mabasi ya safari ndefu hufika kabla ya mapambazuko. Mialo ya samaki pia, kwa sababu wachuuzi wa dagaa huwangoja wavuvi alfajiri. Lakini taa ya mwaloni imulike ardhi wanaposimama watu, wala hakuna sababu ya kuimulika maji. Kwingineko, ambako maduka yamefungwa na barabara haina mtu, saa tano inatosha.

Na pale taa inapobaki, iwe na kofia ya kuusukuma mwanga chini, na rangi yake ielekee manjano kuliko buluu, kwa kuwa mwanga wa buluu huwavuta wadudu zaidi. Taa nyingi hupoteza sehemu ya mwanga wake angani, ambako hakuna mtu anayetembea. Mkoa huu uko karibu na Ikweta, hivi kwamba katika mwaka mmoja mtoto wa hapa anaweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini, mawingu ya ziwa yakimruhusu. Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikitumia kujua majira, huonekana pia juu ya migomba ya Nshamba. Mtoto aliyelelewa chini ya taa isiyo na kofia hukiona kwa shida.

Taa za nguvu ya jua hazina ankara, na kwa hiyo wengine husema ziachwe ziwake tu. Betri huchakaa haraka inapokamuliwa hadi mwisho kila usiku, na nguzo yenye betri iliyokufa ni giza lililogharimu fedha. Kupunguza mwanga wake usiku wa manane huirefushia betri maisha.

Kabla ya swichi yoyote kuguswa, kila mkutano wa kitongoji uandike nguzo zake: ipi inamulika nini, nani hupita hapo na saa ngapi, ipi imekufa, ipi inamulika migomba tu. Orodha hiyo ipelekwe kwa mtendaji wa kata, naye aifikishe kwa diwani na kwa wahandisi wa barabara na wa umeme. Kisha uzimaji ujaribiwe msimu mmoja, na mahali ambapo akina mama watasema pamekuwa pabaya, taa iwashwe usiku huo huo bila kungoja kikao.