Nyumba ya Tervuren na Majina Saba

Maneno yaliyosomwa mbele ya wakristu, siku ya Jubilei ya parokia



Kamati ya Jubilei imetuomba tuseme machache juu ya majengo ya zamani. Sababu yake mnaijua. Kanisa letu la kwanza, lile dogo la matofali ya kuchoma, lilipata kuwa darasa, kisha likawa ghala, na leo linangoja shauri letu: tulibomoe, ao tulitengeneze liwe nyumba ya mikutano? Kabla ya kukata shauri, tumeona vema kuwaeleza habari za nyumba nyingine. Iko mbali, katika nchi ya Ubelgiji, lakini ilijengwa kwa sababu ya nchi yetu, na historia yake inatugusa.

Karibu na mji wa Brussels kuna mji mdogo uitwao Tervuren, wenye bustani kubwa ya miti na maziwa. Zamani watawala wa Brabant walikuwa na ngome yao pale, na mapokeo husema kwamba Mtakatifu Hubert alifariki mahali pale. Kikanisa chake kingali katika bustani. Baada ya vita vya Waterloo vya mwaka 1815, Mwana wa Mfalme wa Uholanzi alijengewa pale nyumba nzuri ya kupumzikia. Baadaye aliishi humo Charlotte, dada ya Mfalme Leopold wa Pili, mjane wa Maximilian wa Meksiko. Mwaka 1879 nyumba hiyo iliteketea kwa moto.

Mahali palepale penye majivu, Leopold wa Pili alijenga nyumba nyingine, nayo iliitwa Jumba la Makoloni. Fundi aliyeichora ni Alfred-Philibert Aldophe. Ilikusudiwa kwa Maonyesho Makubwa ya Brussels ya mwaka 1897, ili Wabelgiji waone faida ya Kongo na kutia mali yao humo. Barabara pana ilikatwa toka Brussels mpaka Tervuren, na tramu ya umeme ikaleta watu. Ndani ya jumba mlikuwa sanamu zilizochongwa kwa pembe za ndovu wetu. Mlikuwa kahawa, kakao na tumbako. Na mapambo ya mbao yalitengenezwa kwa mti wetu wa bilinga. Mafundi wakubwa wa wakati ule, kama Paul Hankar, Henry van de Velde, Georges Hobé na Gustave Serrurier-Bovy, walipanga vyumba. Majina yao yameandikwa vitabuni, na ni haki, kwani walifanya kazi njema.

Lakini, ndugu wapendwa, nje ya jumba, kando ya maziwa ya bustani, palikuwa na maonyesho mengine. Watu 267 wa Kongo, wanaume, wanawake na watoto, walisafirishwa kwa meli mpaka Antwerp, wakawekwa katika vijiji vilivyojengwa ili watazamwe. Zaidi ya watu milioni moja walifika kutazama. Wengine waliwatupia vyakula, hata wakubwa wakalazimika kubandika tangazo kwamba weusi wanalishwa na kamati. Siku za mvua na baridi zikaja, na saba kati yao wakafa kwa ugonjwa, mbali na mama zao na mbali na makaburi ya mababu zao.

Maonyesho yakaisha, waliobaki hai wakarudishwa, nalo jumba likabaki. Mwaka 1898 likageuzwa kuwa nyumba ya makumbusho ya Kongo. Vitu vilivyotoka kwetu vikaongezeka sana, nafasi ikapungua, na Leopold akamwita fundi Mfaransa Charles Girault ajenge nyumba kubwa zaidi katika bustani ileile. Leopold alifariki mwezi wa kumi na mbili 1909 bila kuiona ikifunguliwa; Mfalme Albert ndiye aliyeifungua mwaka 1910. Jumba la kwanza likaacha kuwa makumbusho na kupewa kazi nyingine. Katika miaka hii linaitwa AfricaPalace, na watu hulikodi kwa mikutano na karamu.

Basi, nyumba moja imefanya kazi tatu: soko la kusifu koloni, makumbusho, na ukumbi wa karamu. Kuta ni zilezile. Je, wale saba wako wapi?

Wamelala kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, palepale Tervuren, makaburi saba yakifuatana. Majina yameandikwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Katika makumbusho kubwa, ukuta mmoja ulibeba tangu zamani majina ya Wabelgiji 1.508 waliofia Kongo wakati wa Leopold, na jina la Mkongo hata moja halikuwamo. Nyumba ile ilipofunguliwa upya mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya kufungwa miaka mitano, fundi wa sanaa wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliweka majina ya wale saba katika vioo vya madirisha. Jua likiwaka, kivuli cha majina hayo huanguka juu ya majina ya ukutani. Ilihitajika miaka 121, na jua.

Hatuyasemi haya ili kuamsha chuki siku ya furaha. Tunayasema kwa sababu hata sisi tuna kosa la namna hiyo. Juu ya mlango wa kanisa letu la zamani limeandikwa jina la padri aliyelijenga, na tunamshukuru. Lakini nani alikanyaga udongo? Nani alichoma matofali? Mama gani waliteka maji toka mtoni asubuhi na jioni? Wazee wanaowakumbuka wamebaki wachache, na kila mwaka tunazika mmoja wao.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Nyumba isibomolewe, itengenezwe, ifanye kazi mpya, kwani nyumba kubadili kazi si aibu. Lakini kabla ya kutia bati jipya, kila jamaa ilete majina. Daftari litakuwa katika sakristia kuanzia Dominika ijayo, na katekista atawaandikia wasiojua kuandika. Majina yote yatachorwa ukutani, ya mafundi na ya vibarua pamoja, bila kutenga mkubwa na mdogo.

Tusingoje miaka 121. Na jua letu, kwa neema ya Mungu, liwakute wazee hawa wangali hai, wakisoma wenyewe majina ya mama zao.