Nyundo ya Mashini na Magonjwa Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahunzi na walimaji)



Leo tutasema habari za nyundo ya mashini. Mlimaji atauliza: «Neno hili linanihusu nini?» Linakuhusu sana. Katika Katanga ya juu mvua inaanza mwezi wa 10 ao wa 11. Jembe lisipokuwa tayari mbele ya siku zile, shamba linachelewa, na njaa inafuata. Nyundo nzima inasaidia kijiji chote. Nyundo yenye ugonjwa inaharibu chuma, na tena inaweza kuvunja mkono wa mtu.

Viungo vyake

Ninasema nyundo ya zamani yenye resori, kama ile ya Little Giant iliyotengenezwa katika mji wa Mankato, Marekani. Moteri inavuta mkanda. Mkanda unazungusha gurudumu la juu. Ukikanyaga kikanyagio, ambreyaje inashika gurudumu. Ukiondoa mguu, inaliachilia. Gurudumu linapandisha na kushusha fimbo ya chuma. Chini ya fimbo kuna resori na mikono miwili, na mikono ile inabeba kichwa cha nyundo. Jino la juu limefungwa katika kichwa, jino la chini juu ya fuawe, yote mawili kwa kabari.

Basi, fahamuni vizuri: fimbo haisukumi kichwa juu ya chuma. Resori inakitupa, kama mtu anavyotupa jiwe kwa kombeo. Ukifahamu neno hili, umefahamu nusu ya kazi.

Mbele ya kugusa kitu

Zima moteri. Ondoa mkanda. Weka gogo la mti mgumu katikati ya meno, kichwa kisianguke. Usitie mkono katikati ya meno hata siku moja, hata mashini ikiwa imelala.

Kupima nafasi ya meno

Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka fimbo ifike chini kabisa. Tazama nafasi kati ya meno mawili. Iwe karibu sawa na unene wa chuma unachopiga: chuma cha santimetri 2, nafasi ya santimetri 2 hivi. Meno yakigusana hapo, fimbo ni ndefu mno. Kichwa hakina njia ya kutupwa, na mashini inagongagonga bure. Legeza bulo ya fimbo, ipandishe, kaza tena.

Ugonjwa na dawa

1. *Nyundo inacheza upesi lakini haina nguvu.* Tazama kwanza mkanda: labda unateleza. Kisha tazama resori: ikiwa imelegea, mikono inaning'inia kama mikono ya mlevi. Kaza nati ya resori nusu mzunguko tu, kisha jaribu.

2. *Mapigo hayana mpango, moja zito, moja jepesi.* Mwendo unashinda nguvu ya resori. Punguza mwendo, ao kaza resori kidogo.

3. *Umeondoa mguu, nyundo inaendelea.* Huu ni ugonjwa mbaya. Ambreyaje imekauka ao ina uchafu, ao resori ndogo ya kurudisha kikanyagio imechoka. Safisha. Ambreyaje ya vipande vya mti inataka matone machache ya mafuta, ishike polepole na kuachilia upesi. Usifanye kazi mpaka ipone.

4. *Chuma kinatoka kimepinda.* Kichwa kinayumba katika njia yake. Kaza bulo za njia mpaka ibaki nafasi nyembamba kama karatasi. Ukikaza kupita, kichwa kitashika moto.

5. *Jino linatikisika.* Gonga kabari mbele ya kazi ya kila asubuhi. Usisimame mbele yake. Kabari iliyolegea inaruka kama risasi.

Hesabu ya mwendo

Moteri nyingi kwetu zinazunguka mara 1450 hivi kwa dakika. Ukitaka mapigo 300, na gurudumu la nyundo lina upana wa santimetri 30, fanya hivi: 300 mara 30 ni 9000, gawanya kwa 1450, unapata 6 na kidogo. Basi gurudumu la moteri liwe la santimetri 6. Usiweke kubwa zaidi kwa tamaa ya kumaliza upesi.

Neno lililonipata mimi

Mwaka mmoja watu wengi walikuja kutaka majembe, na mvua ilikuwa karibu. Nyundo yangu ilikuwa dhaifu. Sikupima meno, sikutazama mkanda. Nilikaza resori tu, leo kidogo, kesho kidogo. Siku ya tatu ikakatika. Kipande kikapita karibu na sikio la kijana aliyenishikia koleo, kikaingia katika mlango. Nikakaa chini, miguu haina nguvu. Jioni nikapima meno: yalikuwa yanagusana. Resori haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nimezungushia resori bamba la chuma la kuizuia, na kijana hasimami tena upande ule.

Amri za kila siku

Tia mafuta pahali pote panaposuguana, asubuhi na tena katikati ya kazi. Katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, pasha meno moto kidogo kwa kipande cha chuma cha moto. Jino baridi linapasuka. Usipigishe meno matupu. Resori ya motokari ni chuma kizuri cha jembe, lakini ikififia kuwa nyekundu ya giza, irudishe motoni, usiipige.

Kwa ugonjwa mmoja, geuza kitu kimoja tu, kisha jaribu. Mtu anayegeuza vitu vitatu pamoja hajui ni kipi kilichoponya, na kesho hatajua ni kipi kilichoharibu.

Nendeni mkapime meno ya nyundo zenu mbele ya mvua. Kazi njema!