Kopo Lipi la Unga wa Protini?

Msikilizaji anayetaka kununua unga wa protini, kabla ya kuuliza bei, aligeuze kopo asome maandishi ya nyuma.

Unga uliozoeleka hutokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Uliochujwa kawaida una protini hadi asilimia 80. Uliochujwa zaidi hufika 90, na laktosi, ile sukari ya maziwa, hubaki kidogo mno. Mtu ambaye glasi ya maziwa humjaza gesi na kumharisha atafaidika na huu wa pili, ingawa ni ghali. Kaseini, nayo ya maziwa, humeng'enywa taratibu. Asiyetumia maziwa ana soya, au njegere iliyochanganywa na mchele, kimoja kikifidia upungufu wa kingine.

Maandishi hayo yasomwe kwa tahadhari, maana kiasi cha protini huweza kughushiwa. Mwaka 2008 nchini China, maziwa yalitiwa kemikali ya melamini ili kipimo cha nitrojeni kionyeshe protini nyingi. Watoto wachanga sita walifariki, wengine wapatao 300,000 wakaugua.

Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Na asiyemudu kopo asijione mnyonge hata kidogo: yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15.