Ndiyo Isiyofika Shambani

Dominika ya 26 ya Mwaka A
Masomo: Eze 18:25-28; Flp 2:1-11; Mt 21:28-32



Injili ya Dominika ya leo ni fupi, na kila aliyelea watoto anaielewa bila kufafanuliwa. Baba mmoja ana wana wawili. Anamwomba wa kwanza akafanye kazi katika shamba la mizabibu. Huyo anakataa, lakini baadaye moyo unamsuta, anakwenda. Anamwomba wa pili. Huyo anaitikia kwa heshima zote, tena anamwita baba yake Bwana, kisha haendi. Yesu anawauliza makuhani wakuu na wazee wa watu ni yupi kati ya hao wawili aliyetimiza mapenzi ya baba. Hawakuwa na njia ya kukwepa, ikawabidi kukiri kwamba ni yule wa kwanza.

Leo napenda tuupeleke mfano huu mahali ambapo ndiyo ya mdomoni huwaumiza walio wadogo. Nataka kusema juu ya matunzo ya watoto ambao baba na mama yao hawaishi pamoja, ama kwa sababu ndoa imevunjika, ama kwa sababu haikuwapo tangu mwanzo. Kila katekista anayenisikiliza anawajua watoto hao kwa majina. Wamo katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, wamo katika Utoto Mtakatifu. Wengi wao waliwahi kuahidiwa. Baba alisema ndiyo mbele ya wazee wa ukoo, akasema ndiyo mbele ya afisa ustawi wa jamii, akasema ndiyo mbele ya hakimu na akatia sahihi. Mwezi wa kwanza alileta, mwezi wa pili alileta nusu, mwezi wa tatu simu yake haikupatikana tena. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni. Wakaongeza kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Somo la kwanza linatusaidia kulitazama jambo hili kwa undani zaidi. Nabii Ezekieli anasema na watu walio uhamishoni Babeli, nao wananung'unika kwamba njia ya Bwana si ya haki. Mwanzoni mwa sura hiyo ya 18 nabii anaitaja methali waliyoizoea, inayohusu zabibu kali: wanaozila ni akina baba, wanaopata ganzi ya meno ni watoto. Mungu anaikataa methali hiyo, wala hataki isemwe tena katika Israeli. Kila mtu atawajibika kwa matendo yake mwenyewe. Lakini sisi, ndugu zangu, tunapomwacha mtoto alale na njaa kwa sababu wazazi wake wamegombana, tunaifufua methali ile ambayo Mungu aliizika. Watu wazima wawili wamekula zabibu, na meno yanayouma ni ya mtoto wa miaka minne.

Basi, neno ninaloomba mlishike leo ni hili: matunzo ni haki ya mtoto mwenyewe. Si fadhila anayopewa mama. Si faini anayotozwa baba kwa kosa la ujana. Wala si kiingilio cha kulipia ili aruhusiwe kumwona mwanawe. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kazi hiyo haifutwi na ugomvi wa waliozaa. Ukilielewa jambo hili, manung'uniko mengi yanayosikika vijijini na mijini yatapata majibu yake.

Sheria ya nchi yetu imefika hapo baada ya safari ndefu. Sheria tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Thamani ya fedha ikashuka mwaka hata mwaka, na kikomo kikabaki vilevile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shilingi hizo 100 hazikutosha hata kwa mlo mmoja wa mgahawani, nazo ndizo zilizohesabiwa kuwa matunzo ya mwezi mzima. Ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyoifuta sheria hiyo ya zamani. Sheria hii mpya inamtambua mtoto kwanza, iwe wazazi wake wameoana au hawakuoana. Inataja anachostahili: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi. Maombi ya matunzo yaweza kupelekwa mahakamani na mzazi, na mlezi, na ndugu, na afisa ustawi wa jamii, hata na mtoto mwenyewe akisaidiwa na mtu mzima.

Majirani zetu wa Kenya nao walipita njia yenye mawe. Mwaka 1959 walipata sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kudai matunzo kwa baba wa mtoto. Miaka 10 baadaye, mwaka 1969, Bunge likaifuta. Wakati ule Bunge hilo halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja, na waliotaka sheria ifutwe walidai kwamba wanawake wanaitumia kujipatia fedha. Watoto hawakuulizwa. Ilipofika mwaka 2010, Katiba yao mpya ilitamka wazi katika kifungu cha 53 kwamba baba na mama wana jukumu lililo sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Zilipita zaidi ya miaka 40 kati ya hatua hizo mbili, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1969 alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Sasa tuyasikilize manung'uniko, maana si yote ya uongo, na haki haijengwi kwa kumziba mtu mdomo.

Wapo akina baba wasemao: Natoa fedha, lakini mama anazitumia kwa mambo yake. Yawezekana ni kweli. Basi mpeleke mtoto mwenyewe kununuliwa sare, lipia bima yake ya matibabu, peleka unga na mafuta, au tuma fedha kwa njia inayoacha kumbukumbu na mwombe afisa ustawi wa jamii asimamie. Lakini usiseme kwamba kwa kuwa mama ametumia vibaya, mtoto hatakula.

Wapo wasemao: Mwanangu mwenyewe sionyeshwi, kwa nini nitoe? Hili ni nung'uniko zito, na akina mama walisikie. Kumficha mtoto asimwone baba yake ili kumkomoa ni dhuluma, na anayedhulumiwa kwanza ni mtoto. Papa Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka. Lakini mtoto hutekwa kwa njia mbili: mmoja humzuia asionekane, mwingine huzuia chakula chake. Haki ya kumwona mtoto yaweza kuombwa mahakamani, nayo ina utaratibu wake. Tumbo la mtoto halina subira ya kungoja utaratibu huo umalizike.

Wapo wasemao: Sina kitu, tena nina mke na watoto wengine. Sheria inalijua hilo. Hakimu anapopanga kiasi, huangalia kipato na mali ya wazazi wote wawili, huangalia watoto wengine wanaomtegemea baba huyo, na huangalia gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Mama naye hasamehewi sehemu yake. Mwenye kidogo alete kidogo, hata kama ni debe la mahindi baada ya mavuno, lakini alete. Anayekosea ni yule aliye na gari la biashara lililoandikwa kwa jina la kaka yake, anayeingia mahakamani na shati lililochanika.

Na wapo wasemao: Mtoto si wangu. Hata huyu ana haki ya kusikilizwa. Mama anayemtaja mwanamume mwenye uwezo badala ya aliye baba kweli anavunja amri ya nane, na anamwibia mtoto asili yake. Kwa ajili hiyo kipo kipimo cha vinasaba, kinachofanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Asiye na hofu na akubali kipimo. Anayekataa ajue kwamba kukataa kwake kwaweza kuhesabiwa na mahakama kuwa ushahidi.

Ndugu wapendwa, tuseme sasa kwamba hukumu imetolewa. Je, yote yamekwisha? Mnajua kwamba hayajaisha. Amri ya mahakama haina miguu. Kwa mwajiriwa, mshahara wake waweza kukatwa. Lakini mvuvi, dereva wa bodaboda na mchimbaji mdogo wa madini hawana karatasi ya mshahara. Mama hurudi mahakamani kuomba hukumu ikazwe, anaambiwa aje tarehe nyingine, anatafuta nauli, anapoteza siku ya kibarua. Fanyeni hesabu nyepesi. Mtoto hula mara tatu kwa siku. Shauri likiahirishwa kwa siku 90, hiyo ni milo 270. Hakuna hakimu awezaye kumrudishia mtoto milo hiyo baadaye, hata kama malimbikizo yote yatalipwa kwa mkupuo.

Hapa ndipo jamii inapoulizwa swali. Huyu baba asiyepatikana kwa simu, je, hapatikani kweli? Mama yake mzazi anajua alipo. Rafiki zake wanakunywa naye jioni. Wana jumuiya wenzake wanamwona. Tunamficha, tena tunaita jambo hilo busara. Umoja wa wanaume Wakatoliki parokiani ungefanya kazi kubwa ya kitume kama wazee wawili wenye heshima wangemwendea ndugu yao, bila kelele na bila kumtangaza, wakamwambia: Mwanao anahitaji viatu, na sisi tumekuja kukusindikiza ukavinunue.

Kanisa lenyewe lina jambo la kufanya, na hapa nasema hasa na ninyi makatekista. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1136, zinafundisha kwamba wazazi wana wajibu mzito sana wa kuwalea watoto wao kimwili, kijamii, kimaadili na kidini. Kanuni ya 1071 inakwenda mbali zaidi: pasipo lazima kubwa, mtu aliye na wajibu kwa watoto wa mahusiano yaliyotangulia asifungishwe ndoa bila ruhusa ya Askofu mahalia. Basi, mnapowaandaa wachumba, ulizeni. Msiridhike na cheti cha Ubatizo na picha. Ulizeni kama wapo watoto, wako wapi, na nani anawalisha. Si haki bwana harusi achangiwe mamilioni kwa ajili ya ukumbi na muziki, wakati mwanawe wa kwanza amekosa daftari. Na baba aliyezaa nje ya ndoa, akitaka kumkiri mwanawe, kanuni ya 877 imemfungulia mlango: aweza kutamka mbele ya Paroko na mashahidi wawili kwamba yeye ndiye baba, na jina lake likaandikwa katika kitabu cha Ubatizo. Ni tendo dogo la kalamu, lakini mtoto atalibeba maisha yake yote.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anawaonya Wafilipi wasitafute faida yao wenyewe tu, bali kila mmoja aangalie na mambo ya wengine. Kisha anawaonyesha Kristo, aliyekuwa na yote akajishusha hata msalabani. Na Mtoto Yesu mwenyewe alilelewa na nani? Alilelewa na Yosefu, seremala, ambaye hakumzaa. Yosefu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akawakimbiza Misri. Injili haikuandika hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Iliandika aliyoyatenda.

Tunamalizia na wale wana wawili. Pengine yuko baba anayenisikiliza sasa, aliyesema sitaki. Miaka imepita, mtoto amekua, na aibu imekuwa ukuta. Ndugu yangu, yule mwana wa kwanza naye alikataa, lakini Injili haikumfungia mlango. Aligeuka, akaenda shambani siku ileile. Ezekieli anasema hivyo hivyo, kwamba mwovu akiuacha uovu wake na kutenda haki ataishi. Usingoje uwe na fedha nyingi, wala usingoje kuitwa na hakimu. Wiki hii mtafute mtoto wako, mpelekee ulicho nacho, na mwezi ujao upeleke tena. Na wewe mama, akija kwa nia njema, usimfukuze mlangoni kwa sababu ya machungu ya jana. Mwachie mtoto nafasi ya kuwa na baba.

Tumwombe Mungu, Baba wa yatima, atupe mioyo isemayo ndiyo na miguu inayokwenda shambani. Na Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi siku zote. Amina.