Ugonjwa wa Sukari: Je, Ukoo Ndio Sababu?

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya na wakaaji wa kambi ya Kiryandongo)



Wengi wetu tuliotoka Kenya mwaka 2008 tulivukia Busia na Malaba, tukapokewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa hapa. Mimi nilikuwa mtoto. Kule jirani yetu alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Watu walisema amerogwa, kwa kuwa mama yake naye alikatwa mguu. Alipopimwa ilionekana ni sukari. Wanawe hadi leo husema, "Ni ya ukoo wetu, tutaipata tu." Jambo hilo ndilo nataka tulizungumze.

Ni kweli sukari ya aina ya pili hufuata damu. Mzazi akiwa nayo, mtoto yumo hatarini zaidi. Wakiwa nayo wote wawili, hatari huzidi. Hata njaa ya mama mjamzito huacha alama. Huko Uholanzi, waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944 na 1945, walipokuwa watu wazima miili yao ilishindwa kuitumia sukari vizuri. Sisi tuliokimbia tulikumbuke hilo.

Lakini urithi ni mbegu, nayo huhitaji mvua. Mvua yenyewe ni unene, hasa wa tumbo, kukaa bila kuushughulisha mwili, soda, chai ya sukari nyingi na sigara. Mwaka 2002 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watu waliokaribia kuugua, wakipunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58. Hata waliorithi hatari kubwa walifaidika.

Basi tufanye hivi:

1. Sahani ijae mboga na maharagwe, ugali upungue.
2. Maji badala ya soda.
3. Tulime, tutembee, tucheze mpira.
4. Mwenye mzazi au ndugu mgonjwa apimwe, hata kama ni mwembamba.
5. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara, macho kufifia, ganzi miguuni au kidonda kisichopona: nenda zahanati upesi. Usimtafute mchawi.

Wale wana wa jirani yetu bado ni wazima. Nimewaomba waje kupimwa. Nanyi mje.