Kwa Nini Mtu Hubeti Akijua Atapoteza?

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wananchi katika kaunti



Mtu anayebeti si mjinga. Wengi wanajua kwamba kampuni ndiyo hufaidika. Hata hivyo, jioni ikifika, shilingi 50 nyingine hutumwa kwa simu. Kwa nini?

Hesabu yenyewe ni hii. Katika jakpoti ya mechi 17, kila mechi ina matokeo matatu: ushindi wa nyumbani, sare au ushindi wa ugenini. Njia za kujaza tiketi ni 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini Kenya. Hata kila mmoja wao, mtoto mchanga kwa mzee, angejaza tiketi mbili tofauti na za wenzake, tiketi hizo zote zisingefikia idadi hiyo. Kuijua soka husaidia kidogo tu.

Sababu ya kwanza ni matumaini. Anayelipwa kibarua cha siku haoni akiba ikimnunulia ploti. Jakpoti humwahidi ploti hiyo kwa usiku mmoja, tena kwa bei ya soda.

Ya pili ni kukosa padogo. Aliyepata mechi 15 kati ya 17 husema, "Zilibaki mbili tu." Mchezaji anayegonga mwamba wa goli huenda anakaribia kufunga, kwa sababu mazoezi humwongezea ustadi. Bahati haina mazoezi. Tiketi ya kesho haijui kwamba ya jana ilikosa kidogo.

Ya tatu, mshindi hutangazwa redioni, naye aliyepoteza hunyamaza. Kijiji kizima humjua mmoja aliyeshinda, lakini hakiwajui mamia walioliwa.

Ya nne ndiyo huvunja nyumba: kutaka kurudisha kilichopotea. Hapo ndipo karo huguswa, mkopo wa simu huchukuliwa na mke au mume hufichwa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Anayebeti afanye jambo moja mwezi huu. Achukue taarifa ya M-Pesa, ajumlishe zilizotoka na zilizoingia, kisha aisome pamoja na mtu anayemwamini. Asibeti kamwe kwa pesa za kukopa. Akishindwa kuacha, azungumze na mhudumu wa afya ya jamii au kiongozi wake wa dini. Huo ni uraibu kama uraibu mwingine, na hauna aibu.

Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu katika udhibiti wake. Mwananchi akiona watoto wakicheza kwenye mashine za kamari madukani, amwarifu chifu au ofisi ya wadi.