Nuru ya Jioni na Usingizi

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na vijana. Twayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwapo.)



Nimeombwa niseme juu ya usingizi. Yamkini mtu atauliza, Je, jambo hili nalo lataka hotuba? Mtoto mchanga hulala bila kufundishwa, na kuku huingia bandani jua likitua bila kuambiwa na mtu. Ni kweli. Lakini mfikirini kuku huyo. Wafugaji wa kuku wa mayai huwawashia taa usiku, ili mchana uonekane kuwa mrefu nao watage zaidi. Basi ikiwa taa yaweza kumdanganya kuku, nataka kuwaonyesha ya kuwa yatudanganya sisi pia, na kwamba wengi wanaolalamika kuwa hawapati usingizi hawana maradhi yo yote, ila wamejiwashia mchana wa pili baada ya ule wa kwanza kwisha.

Wengi wenu mnaujua mmea uitwao kifauwongo, ambao ukiuguswa kidogo tu majani yake hujikunja kama yaliyokufa. Usiku pia hujikunja, na asubuhi hufumbuka. Mwaka 1729 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, jina lake Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alieleza habari ya mmea wa namna hiyo uliowekwa gizani, usipate jua hata kidogo. Wenzake wangalidhani kuwa majani yatabaki yamefumba. Sivyo, yaliendelea kufumbuka wakati wa mchana na kufumba wakati wa usiku, kana kwamba mmea unajua saa bila kuliona jua. Hapo ndipo watu walipoanza kutambua ya kuwa viumbe wana saa ndani yao. Ilichukua muda mrefu sana kujua jinsi saa hiyo ilivyoundwa, na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuichunguza katika miili ya wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu.

Mwanadamu naye anayo saa yake. Imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale ambapo mishipa ya macho mawili hupishana, nayo ni chembe hai zipatazo 20,000 tu. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani waliipima kwa uangalifu, wakaona ya kuwa mzunguko wake si saa 24 kamili, bali kwa wastani ni saa 24 na dakika 11 hivi. Dakika 11 ni kitu kidogo, lakini ikiachwa vivyo hivyo kwa siku nyingi mtu atajikuta ana usingizi mchana na yu macho usiku. Saa ya ukutani ichelewayo husahihishwa kwa kusikiliza redio. Saa ya mwili nayo husahihishwa na nuru iingiayo machoni.

Nuru ya asubuhi huisukuma saa hiyo mbele, hata usingizi ukaja mapema jioni. Nuru ya jioni na ya usiku huirudisha nyuma, hata usingizi ukachelewa. Mambo yote nitakayosema yanatoka katika maneno hayo mawili.

Mwaka 2002 David Berson na wenzake walionyesha ya kuwa nyuma ya jicho mna chembe za namna ya pekee ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu, bali kuupelekea ubongo habari kuwa kumekucha au kumekuchwa. Chembe hizo huamshwa zaidi na nuru yenye rangi ya buluu, kama ile ya anga wakati wa mchana. Wako hata vipofu wasioona kitu cho chote, lakini kwa kuwa chembe hizi zingali hai machoni mwao, saa ya miili yao hufuata jua kama yetu.

Giza likiingia, ubongo huanza kutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo ni kama tarishi atangazaye katika mwili wote kwamba usiku umefika. Kwa desturi huanza kupanda kadiri ya saa mbili kabla ya wakati ambao mtu huzoea kulala. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha ya kwamba taa kali ikimulika macho usiku, melatonini ya mwanadamu hupungua upesi. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa hata taa za kawaida za nyumbani huichelewesha.

Hapa sharti niseme juu ya vipimo, maana jicho ni shahidi mwongo. Wataalamu hupima mwangaza kwa luksi. Jua kali la adhuhuri hufika luksi 100,000. Hata siku ya mawingu, mtu aliye nje hupata luksi elfu kadhaa. Lakini ndani ya ofisi au darasa lenye taa nzuri hamna zaidi ya luksi 300 au 500. Mshumaa ulio umbali wa mita moja ni luksi moja tu, na mwezi mpevu haufikii hata nusu ya luksi. Jicho huyalinganisha hayo yote, hata tukadhani kuwa ofisini mna mwangaza kama uwanjani. Saa ya mwili haidanganyiki hivyo.

Basi fikirini maisha ya karani wa mjini. Hutoka nyumbani kungali giza, huketi ndani ya gari, kisha ndani ya ofisi kutwa nzima, na jioni hurejea katika chumba chenye taa nyeupe iliyo juu ya kichwa chake, na nyingine mkononi. Hakuuona mchana halisi wala usiku halisi. Siku yake yote ni jioni moja ndefu, na saa ya mwili wake haijui ishike lipi. Mwaka 2013 Kenneth Wright na wenzake wa Colorado, Marekani, walitoa habari ya watu wanane waliokwenda kupiga kambi milimani kwa juma moja, bila taa yo yote ila jua na moto wa kuni. Juma lilipokwisha, saa za miili yao zilikuwa zimesogea mapema kwa kadiri ya saa mbili, na waliokuwa na tabia ya kuchelewa ndio waliosogea zaidi.

Wazee watasema, Ndiyo, nasi zamani tulilala mapema. Tuseme kweli. Hadithi na vitendawili vilitolewa wakati gani, ila usiku? Mwaka 2015 ilichapishwa habari ya uchunguzi juu ya usingizi wa Wahadza wakaao karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, pamoja na makabila mawili ya nchi nyingine yasiyo na umeme. Watu hao hawalali jua lituapo; hukaa kadiri ya saa tatu hivi baada ya kuchwa ndipo wakalala, na mara nyingi huamka kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo sisemi mlale pamoja na kuku. Tofauti ni kwamba mchana wao wote huwa nje, na mwangaza wao wa jioni ni wa moto, ulio mwekundu na hafifu.

Wala mtu asiondoke hapa akisema kuwa nimewaambia mrudi kwenye koroboi. Hasha! Moshi wa mafuta ya taa hudhuru mapafu ya watoto, na koroboi imeunguza nyumba nyingi. Umeme ni neema, na taa za jua pia. Ninaloomba ni matumizi yenye busara. Saa moja au mbili kabla ya kulala, zimeni ile taa kubwa ya dari, mwache moja ndogo ya rangi ya manjano, iliyowekwa chini, isiyomulika macho moja kwa moja. Mwanafunzi asomaye aelekeze taa kwenye kitabu, si usoni.

Na simu je? Mwaka 2015 wataalamu wa Boston waliwapa watu 12 vitabu vya karatasi kwa siku kadhaa, na vitabu vya kioo chenye nuru kwa siku nyingine, wasome kabla ya kulala. Waliosoma kwenye kioo walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10, na melatonini yao ilichelewa kwa saa moja na nusu siku iliyofuata. Dakika 10 si nyingi. Mimi naona ya kuwa udhia mkubwa wa simu si nuru yake bali ni yaliyomo: matokeo ya mpira, mchezo wa kubahatisha, maneno ya deni, ugomvi wa ukoo. Mtu aliyesoma maneno ya uchungu saa nne usiku hatalala saa nne na nusu, hata kama ameyasoma kwenye karatasi.

Kuna desturi nyingine. Chai na kahawa zina kafeini, na baada ya saa tano hivi nusu yake ingali mwilini. Anywaye kikombe cha kahawa saa moja usiku, kufika saa sita ni kama amekunywa nusu kikombe tena. Miraa hufukuza usingizi kwa nguvu zaidi, kama kila aitumiaye ajuavyo. Pombe ni laghai: humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane. Na alalaye hadi saa nne Jumapili asishangae kukosa usingizi usiku ule.

Sasa niwaseme wazazi na walimu, maana hapa ndipo pana hasara. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake husogea nyuma kwa asili; hana usingizi mapema hata akitaka. Kijana wa umri huo ahitaji kulala saa nane hadi kumi. Lakini wako wanafunzi wa bweni wanaozima taa saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri. Hizo ni saa tano! Kisha akisinzia darasani huitwa mvivu. Katika usingizi ndimo ubongo uyatiamo mambo ya mchana katika kumbukumbu. Kumnyang'anya mtoto usingizi ili asome zaidi ni kumwaga maji kwenye mtungi uliotoboka. Dereva wa usiku kati ya Mombasa na Nairobi naye ajue kuwa tangu saa nane ya usiku hadi alfajiri saa ya mwili humvuta kulala, na kufungua dirisha au kupandisha sauti ya redio hakumsaidii. Aegeshe gari mahali pa salama, alale dakika 20.

Mtu akilala kitandani dakika 20 bila usingizi kuja, asigaagae. Ainuke, akae mahali penye mwanga hafifu, arudi akisinzia. Shauri hili lilitolewa na Richard Bootzin mwaka 1972, na hata leo madaktari walitumia. Lakini mwenye kukosa usingizi mara tatu kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, au akoromaye hata pumzi ikakatika, aende kwa daktari, asijinunulie vidonge dukani.

Mlinzi mmoja aliniuliza kabla ya mkutano huu, Je, sisi tukeshao kwa kazi tufanyeje? Nawajibu hivi: kaeni penye taa kali nusu ya kwanza ya usiku, iacheni mwangani hafifu karibu na alfajiri, vaeni miwani ya giza mkirudi nyumbani, na chumba kiwe na pazia zito. Wengine wote, tokeni nje asubuhi kwa nusu saa. Ikweta yapita katika nchi yetu, na jua tunalo mwaka mzima karibu saa 12 kila siku, jambo ambalo watu wa Ulaya hawalipati wakati wa baridi. Atakayeanza leo asitazamie mageuzi kesho, kwa kuwa saa ya mwili husogea polepole, pengine saa moja tu kwa siku na mara nyingi chini ya hapo. Aipe juma moja au mawili, na kila siku aamke saa ile ile.